Nyumbani Kabisa ni Wapi? Eldoret, Mto Sosiani na Hesabu ya Watu

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe akalime. Nilipofunzwa methali hii katika shule ya msingi, mwalimu wetu aliieleza kuwa onyo kwa mgeni mvivu, nasi tukaikariri kwa ajili ya mtihani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipong'amua kwamba methali yenyewe inaacha swali moja bila jibu. Inatuambia siku ambayo mgeni huanza kulima. Haituambii siku ambayo yule aliyelima huacha kuwa mgeni. Katika makala hii ninakusudia kulitafakari swali hilo kwa kuutazama mji nilikozaliwa na kulelewa. Mji huo ni Eldoret, ulio kando ya mto Sosiani, nao historia yake, kwa mtazamo wangu, ni historia ya watu waliofika, waliohesabiwa na wasiohesabiwa.

Usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019 nilikuwa karani wa sensa katika mtaa wa Langas. Nilikuwa na umri wa miaka 22, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, kishikwambi mkononi na mzee wa mtaa mbele yangu akitupigia hodi. Usiku huo huo makarani wengine walitumwa kwenye vituo vya magari, katika nyumba za kulala wageni na barabarani kuwahesabu wasafiri na wale wasio na pa kulala. Kila karani alikuwa amekula kiapo cha kutofichua majibu ya watu, kwa hivyo msomaji asitarajie kuambiwa hapa nani alijibu nini. Hata hivyo, kiapo hakikunikataza kuyasimulia maswali yangu mwenyewe, na hususan swali moja ambalo halikuwamo katika orodha niliyopewa.

Ilikuwa jioni ya tatu. Mzee mmoja alikuwa amenivumilia kwa muda mrefu, akajibu kila nililomwuliza, hata idadi ya redio na baiskeli nyumbani mwake. Nilipomaliza, kabla sijainuka kitini, nikamwuliza kwa nia njema kabisa, "Na nyumbani kabisa ni wapi, mzee?" Kila Mkenya analifahamu swali hili. Huulizwa matangani, kazini na katika matatu, aghalabu kwa tabasamu, nalo huchukuliwa kuwa dalili ya urafiki. Alichojibu mzee yule hakikuwa sehemu ya sensa, lakini nitakisitiri vilevile. Nitasema tu kwamba uso wake ulibadilika, akainuka kunisindikiza mlangoni kabla chai aliyokuwa amenikaribishia haijaletwa. Nilikwenda nyumba iliyofuata nikiwa na haya ambayo sikuweza kuieleza.

Haya hiyo ndiyo iliyonisukuma kuisoma upya historia ya mji wangu. Nilitaka kujua ni nani hasa, hapa kando ya Sosiani, anayeweza kuulizwa nyumbani kabisa ni wapi, naye akaelekeza kidole ardhini papo hapo alipo pasi na mwingine kudai kwamba alimtangulia.

Nilianza na jina la uwanda wenyewe. Uasin Gishu si jina la Kinandi wala la Kiswahili. Ni jina la Wamaasai wa Ilwuasin-kishu, waliolisha ng'ombe wao huku hadi waliposhindwa vitani na kutawanywa katika karne ya 19. Kabla yao, masimulizi ya wazee yanawataja Wasirikwa, ambao wanahusishwa na yale mashimo ya mviringo yanayoonekana hadi leo katika sehemu kadhaa za nyanda hizi. Baada ya Wamaasai, Wanandi waliutumia uwanda huu kwa malisho. Kisha Waingereza wakaja na reli na bunduki. Tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi, aliuawa na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, katika mkutano uliodaiwa kuwa wa kutafuta amani. Wanandi wakasukumwa katika eneo walilotengewa, na uwanda ukaandikwa katika vitabu vya serikali kama nchi isiyo na watu.

La kushangaza ni kwamba hata kabla ya kifo cha Koitalel uwanda huu ulikuwa umekwisha kutolewa zawadi. Mnamo 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alipendekeza Wayahudi waliokuwa wakiteswa huko Ulaya Mashariki wapewe makao katika Afrika Mashariki. Pendekezo hilo likawasilishwa na Theodor Herzl katika mkutano mkuu wa Wazayuni mjini Basel, na wajumbe wakatumwa kuja kuukagua uwanda wa Uasin Gishu. Mwaka 1905 mkutano mkuu uliofuata ukalikataa. Hebu fikiri, msomaji mpendwa: ardhi hii ilijadiliwa London na Basel, watu wakaipigia kura, ilhali waliokuwa wakiilishia mifugo yao hawakuulizwa neno.

Waliokuja hatimaye walikuwa Makaburu. Vita vya 1899 hadi 1902 baina yao na Waingereza vilikuwa vimeivuruga nchi yao huko Afrika Kusini. Mwaka 1908 kundi kubwa chini ya Jansen van Rensburg lilipanda meli katika bandari ya Lourenço Marques, ambayo leo ni Maputo, likashuka Mombasa, likasafiri kwa gari la moshi hadi Nakuru, kisha likapanda milima na misitu kwa mikokoteni ya kukokotwa na maksai hadi hapa. Wapimaji wakaukata uwanda vipande vipande, na kila kipande kikapewa nambari. Kipande cha 64 kilikuwa na kasoro: udongo wake ulikuwa haba na mwamba haukuwa mbali. Kwa kuwa hakikufaa kwa kilimo, hicho ndicho kilichochaguliwa kujengewa posta mnamo 1910. Kwa hiyo mji wetu ulizaliwa palipokataa kuota mazao.

Wazungu wakapaita Sixty-four, na tarakimu hiyo ikalainishwa katika ndimi za Wakalenjin ikawa Sisibo, jina ambalo wazee wangali wanalikumbuka. Mwaka 1912 Gavana Percy Girouard akaupa mji jina rasmi la Eldoret. Yasemekana jina hilo linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe, likaongezwa sauti moja mwishoni ili lisikike kama la Kinandi. Mwanafunzi wa isimu hawezi kulipita jambo hili hivi hivi. Tuna neno la Wamaasai waliofukuzwa, likavishwa kiishio cha Wanandi walionyang'anywa, na gavana aliyezaliwa Kanada, juu ya shamba la Kaburu. Jina la Eldoret pekee linatosha kuwa orodha ya waliopita.

Mwaka huo huo wa 1912 benki ikafunguliwa. Husimuliwa kwamba kasha la fedha lilipoteremshwa kutoka mkokotenini lilianguka, na kwa kuwa lilikuwa zito mno kuinuliwa, wenyewe wakaamua kuijenga benki kulizunguka pale pale lilipoanguka. Sijui hadithi nyingine inayouelezea mji huu vyema zaidi. Wengi wetu tulijenga pale mzigo ulipotudondoka. Reli ilifika mwaka 1924 ikielekea Uganda. Wahindi walifungua maduka. Waafrika wa jamii nyingi waliletwa, au walijileta, kufanya kazi katika mashamba ya ngano, mahindi na miwati. Miongoni mwao walikuwamo Wanandi wenyewe, waliorudi katika malisho ya baba zao wakiwa vibarua na maskwota.

Tuzitazame sasa hesabu. Sensa ya 1948 iliwapata watu 8,193 mjini Eldoret. Ile ya 1962 iliwapata 19,605. Kisha likatokea jambo adimu katika miji ya Afrika: sensa ya 1969 iliwapata watu 18,196, yaani mji ulipungua. Si ajabu, kwani Uhuru ulipokaribia Makaburu walifunga virago kwa wingi wakarejea kusini. Waliojiona wenyeji kwa nusu karne waligundua kuwa walikuwa wageni. Baada ya hapo mji haukurudi nyuma tena: watu 50,503 mnamo 1979, 111,882 mnamo 1989, 289,380 mnamo 2009, na 475,716 mnamo 2019, mwaka nilioshiriki kuwahesabu.

Ni kweli kwamba sehemu ya ongezeko hili ilitokana na kupanuliwa kwa mipaka ya mji, mashamba ya kando yakamezwa. Lakini zingatia jambo hili. Baina ya 1969 na 2019 idadi ya Wakenya wote iliongezeka kutoka takriban milioni 10.9 hadi milioni 47.6, yaani zaidi kidogo ya mara 4. Katika muda huo huo Eldoret iliongezeka mara 26. Uzazi peke yake hauwezi kutoa hesabu kama hiyo. Watu walikuja. Waliitwa na viwanda vya nguo, maziwa na mbao. Waliitwa na hospitali, na chuo kikuu kilichoanzishwa 1984. Waliitwa na mashamba yaliyouzwa na walowezi waliokuwa wakiondoka.

Baba yangu ni mmoja wao. Alitoka Kakamega katika miaka ya 1980 akiwa na umri wa miaka 24, akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo. Mama yangu hakuja kutoka popote. Alizaliwa Burnt Forest, papa hapa Uasin Gishu, katika kipande cha ardhi ambacho wazazi wake walikinunua kwa kuchangishana fedha na wenzao. Lakini kwa kuwa mama ni Mkikuyu, katika nyumba yetu yeye aliyezaliwa hapa ndiye aliyeitwa mgeni, na baba aliyeshuka kwenye basi ndiye aliyeachwa kwa amani.

Nilikuwa na umri wa miaka 10 uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta balaa. Zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha nchini. Hapa kwetu, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, lililo karibu na mji, liliteketezwa likiwa limejaa watu waliokimbilia hifadhi, wengi wao wanawake na watoto. Siku hiyo mama alitushika mikono, tukaelekea katika uwanja wa maonyesho ya kilimo, ambako maelfu ya watu walikuwa wamepiga kambi. Baba alibaki kulinda nyumba. Mama hakuweza kubeba cherehani yake.

Neno nililolisikia sana siku hizo lilikuwa la Kiswahili: madoadoa. Lilitumiwa kuwarejelea wale waliohesabiwa kuwa si wa hapa, kana kwamba ardhi ni nguo nyeupe nasi ni uchafu wa kufuliwa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili hupenda kusema kwamba lugha hii ndiyo iliyotuunganisha, na kwa hakika, mjini Eldoret, bila Kiswahili soko lingefungwa kabla ya adhuhuri. Lakini tusijidanganye. Lugha iliyotufundisha kupatana bei ndiyo iliyotumika kutufukuza. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililiorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki mwaka 2022, baada ya kutamkwa tena hadharani, mkutanoni, papa hapa Eldoret. Tangu nilipoanza kusomea fasihi nimekuwa nikijiuliza: ikiwa Kiswahili kimebeba neno la kumtoa mtu mjini, je, hakina la kumwingiza?

Tuliporudi Langas, miezi kadhaa baadaye, tuliikuta cherehani. Jirani yetu, bibi Mnandi tuliyezoea kumwita Kogo, alikuwa ameihamisha usiku na kuificha katika ghala lake chini ya magunia ya mahindi. Panya walikuwa wameutafuna mkanda wake, na hilo lilimkera sana. Aliomba radhi kwa ajili ya mkanda kana kwamba ni yeye aliyetuharibia. Huyu Kogo ndiye aliyenifunza, nilipokuwa mkubwa kidogo, kwamba babake alizaliwa na kufa akiwa skwota katika shamba la Kaburu, juu ya ardhi ambayo babu yake aliichungia ng'ombe. "Kaburu alipoondoka," aliniambia, "shamba liliuzwa. Hatukuwa na pesa. Walionunua hawakuiba, lakini sisi tuliibiwa." Sijapata kusoma maelezo mafupi na ya haki kuliko hayo kuhusu mgogoro wa ardhi wa Bonde la Ufa. Madai ya wale waliotangulia si ya bure, na babu yangu aliyelipa senti yake ya mwisho hakuwa mwizi. Mambo yote mawili ni kweli, na anayetaka kuishi Eldoret sharti ayabebe yote mawili.

Narudi kwenye sensa. Siku mbili baada ya kumkosea mzee yule, karani mwenzangu alifika kwetu. Majibu yetu ni mali yetu, na mama ameniruhusu kuyaeleza. Aliulizwa kaunti aliyozaliwa, akajibu Uasin Gishu. Aliulizwa kabila, akajibu Mkikuyu. Karani akasita, akatabasamu, kisha akauliza kwa upole ule ule nilioutumia mimi, "Na nyumbani kabisa, mama?"

Mama hakuinua macho kutoka kwa cherehani. "Swali hilo limo humo katika mashine yako, mwanangu?"

Karani akacheka, akakiri kuwa halimo.

"Basi usiliandike," mama akasema, akaendelea kushona.

Nilikuwa nimeketi pembeni. Nilimkumbuka yule mzee na chai ambayo sikuinywa. Serikali iliyomwuliza idadi ya redio zake haikuwa imemwuliza swali lile. Nilimwuliza mimi, mtoto wa uwanja wa maonyesho, niliyepaswa kuwa wa mwisho kuliuliza.

Wasomaji wa riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema, wanamkumbuka Kongowea Mswahili, aliyesafiri kutoka Tanga hadi Kitale, si mbali na hapa, kumtafuta babake. Safari ya kutafuta asili ina utamu wake, na fasihi yetu imeienzi. Lakini kuna wengi ambao safari yao ni ya kinyume: wanaijua vyema asili yao, wanachokitafuta ni ruhusa ya kubaki walipo.

Tarehe 15 Agosti 2024 Rais William Ruto aliipa Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Nilikuwa miongoni mwa umati uliofurika barabarani. Ngoma zilipigwa, vumbi likatimka, watu wakacheza na watu wasiowajua. Katikati ya shangwe hizo, kama ilivyo ada ya wanafunzi wa idara yetu, nilijikuta nikichambua mofolojia. Mzizi wa mji ni -ji. Ukiudunisha unapata kijiji. Ukiukuza unapata jiji. Eldoret imezipitia hatua hizo zote katika kipindi kisichozidi miaka 115. Lakini mzizi huo umo pia katika neno jingine: mwenyeji, yaani mwenye mji. Kiswahili hakimwulizi mwenyeji alizaliwa wapi wala baba yake ni nani. Mtu husema, "Nimekaa, nimekuwa mwenyeji," na wasikilizaji humwelewa. Neno nililolitafuta tangu utotoni lilikuwa kinywani mwangu siku zote.

Sidai kwamba neno moja litarudisha ardhi ya babake Kogo au kuwafufua wa Kiambaa. Maneno hayana uwezo huo. Ila nimeona kwa macho yangu neno moja lilivyoweza kuwatoa watu majumbani mwao, kwa hivyo sioni ni kwa nini sisi tunaoishi kwa maneno tukate tamaa na jingine. Nami nimejiwekea masharti. Ninapokutana na mtu Langas, Huruma au Maili Nne, simwulizi tena nyumbani kabisa ni wapi. Humwuliza anakaa wapi, na akishanijibu, humwamini.

Jioni nyingine husimama darajani nikautazama Sosiani. Maji yake hutoka katika vilima vya mashariki, hupita mjini kwa haraka, yakaenda kukutana na mto Kipkaren, kisha Nzoia, hatimaye Ziwa Viktoria. Hayakai. Kinachokaa ni yale mawe yaliyoupa mji jina lake, nayo yamelainishwa na kila tone lililopita juu yake. Mama angali anashona kwa cherehani ile ile, kwa mkanda mpya. Kogo alituaga mwaka 2021. Siku ya mazishi yake, mama ndiye aliyeshona sare za wajukuu, na alipouliza alipwe na nani, watoto wa marehemu walimjibu, "Mwenyeji halipwi." Alicheka hadi akalia.